Gudrun na Klova Yenye Umande

Jumatatu, 4 Juni 1956

Baba kasema Gudrun anauzwa! Jumamosi lori la mchinjaji linapita. Eti kazeeka, maziwa yake hayamtoshi hata paka. Ng'ombe wa mwisho wa Babu Anders huyo! Wenzake waliuzwa wakati wa theluji, Babu alipovunjika nyonga akahamia mjini kwa shangazi. Kofia yake bado inaning'inia kwenye msumari zizini. Bado inanuka nyasi kavu na tumbaku.

Nikamwambia Baba Jumamosi asubuhi Gudrun atajaza ndoo. Akacheka, akasema akijaza, abaki. Nimemnasa! Hajui anacheza na nani.

Jumanne, 5 Juni

Nimezunguka shamba la klova la Babu, yale majani ya malisho yenye maua mekundu, kutafuta akili. (Ninazo. Nilitaka za ziada.) Kiangazi kilichopita tulikuwa wawili hapa. Aling'oa mche, akanionyesha vinundu kwenye mizizi. Akasema hao ndio wapishi wa udongo, shayiri ya mwakani itakula walichopika. Mengine sikusikia, nilikuwa nafukuza panzi. Panzi wenyewe sikuwapata.

Ila moja nakumbuka: klova huleta maziwa. Basi! Babu alikuwa akianza na nyasi kavu, kisha anawasha kiko, anangoja umande ukauke. Uzee tu. Mimi sivuti kiko.

Jumatano, 6 Juni

Jioni Gudrun sikumpa kitu. Nataka aamke na hamu.

Marit Skogen, binti wa jirani, akaniona. Akauliza toka uani kwao, we Halvor, somo la kilimo ulilikoroma lote, leo umekuwa bwana mifugo? Nikamwambia ana wivu. Anaringa kwa sababu mtamba wake ni mnene kuliko wangu, yule Baba aliyeninunulia, na Agosti tunashindana kwenye maonyesho ya mifugo. Atajua hajui.

Alhamisi, 7 Juni

Balaa! Alfajiri nilimfungulia Gudrun klova, majani yanachuruzika umande. Alikula kama mgeni wa harusini. Punde ubavu wa kushoto ukavimba kama ngoma. Akasimama, macho yamemtoka, anahema.

Nilipiga kelele. Marit akaja mbio na mafuta ya kupikia ya mama yake. Akanipa hongera, eti nimetengeneza puto lenye pembe. Tukamnywesha mafuta, tukamfunga kijiti mdomoni atafune, tukamkokota kupanda kilima ili gesi imtoke. Baba akatokea na kiatu kimoja, kichwani kofia ya Babu, ameinyakua njiani. Kwa nyuma nilidhani ni Babu mwenyewe. Nililia. Kidogo. Vumbi la maua.

Kule juu Gudrun akapiga mbweu! Kofia ilimtoka Baba kichwani. Mbweu nyingine, na nyingine. Ubavu ukashuka. Tukakaa kwenye nyasi. Chini yetu klova ilikuwa nyekundu yote, kama Babu alivyoiacha. Baba aliitazama muda mrefu.

Jumamosi, 9 Juni

Ndoo haikujaa. Hata chini haikufunikika vizuri. Lori likaja, na nyuma yake gari la shangazi na Babu ndani, amekuja kumuaga Gudrun.

Babu alipopata habari alicheka hadi fimbo ikamdondoka. Akasema kilima hicho hicho, kijiti hicho hicho, ng'ombe aliitwa Solveig, na kijana aliyemvimbisha alilia mpaka kwikwi. Akamwelekezea Baba kidole. Masikio ya Baba yakawa mekundu kama klova.

Baba akamwambia mwenye lori samahani, siku hizi hapa tunatoa kahawa tu. Akampa kahawa na mkate mwembamba wa viazi, akamuaga. Babu akavaa kofia yake. Gudrun akailamba. Ilikuwa kama zamani, hata harufu.

Jumapili, 10 Juni

Babu karudi mjini. Kofia kaiacha msumarini, kusudi nadhani.

Kanisani nilipata wazo. Alhamisi Gudrun alikuwa mnene kuliko ng'ombe yeyote wilaya hii! Basi siku ya maonyesho, kabla tu majaji hawajafika, mtamba wangu atapata klova. Kidogo. Yenye umande kidogo. Marit atalia!

Kijiti nimeshakichonga, kwa tahadhari.