Kumi na Wawili Wasiofanyiwa Lolote

Jumatatu, 3 Juni

Nimeula wa chuya! Mtafiti amefika. Mama mpole, miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Anatafuta njia ya kuwabakiza shuleni watoto walio hatarini kuacha masomo. Hapa kwetu wapo ishirini na wanne. Amewagawa kwa kura, vikaratasi ndani ya boksi la chaki. Kumi na wawili kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hisabati. Kumi na wawili kwangu. Shemeji kapewa vitabu vipya, picha za ukutani na kengele ndogo ya mezani. Nikauliza vyangu viko wapi. Mtafiti akanieleza kuwa kundi langu ni la kulinganishia tu. Nifundishe kama siku zote, nisiwafanyie lolote jipya. Baada ya wiki mbili atahesabu mahudhurio.

Yaani nimeteuliwa rasmi kuwa mtu asiyefanya kitu! Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Tena mwalimu mkuu katangaza kuwa kundi litakalofanya vizuri, mwalimu wake ndiye atakuwa mwalimu mpya wa taaluma. Kile kiti chenye mto! Miaka tisa nakitolea macho.

Jumanne, 4 Juni

Hila ya kwanza. Nimewaita watu wangu nyuma ya stoo. Nikawaambia wao ndio wateule, ni siri, mtafiti asijue, na wasikose shule hata siku moja. Wakaapa. Walioapa ni watano. Saba hawakuwepo shuleni. Hapo ndipo penye tatizo.

Mmoja wa saba ni Bi Kesho. Binti wa darasa la sita. Tunamwita hivyo kwa sababu akiulizwa atakuja lini hujibu kesho. Kichwani zimo, ila siku ishirini na saba za muhula huu hakuonekana. Zikitimia thelathini, jina linafutwa kwenye rejista, basi tena. Nimeshtuka sana. Akifutwa, kundi langu lina pengo na shemeji anakalia mto wangu!

Jumatano, 5 Juni

Nimepita majumbani kabla ya kengele, kupeleleza. Ni hila tu, si huruma. Naandika ili ijulikane.

Mmoja ana suruali moja ya shule. Ikifuliwa na jua lisiwake, haijakauka asubuhi, haji. Nimekimbia nayo nyumbani nikaipiga pasi mpaka ikatoa moshi. Mke wangu akauliza tangu lini nafahamu pasi ilipo. Ndugu wawili wanamwogopa mbwa wa njia panda. Nimewasindikiza. Mbwa kanirarua soksi, ya kulia.

Bi Kesho nilimkuta mlangoni, mdogo wake wa miaka miwili mgongoni. Mama yao hutoka alfajiri kufua mashuka ya hospitali. Mtoto hana wa kuachiwa. Nikamwambia aje naye. Akauliza kweli, mwalimu? Nikasema kweli, ila asimwambie mtu. Alivaa sare upesi, nadhani aliogopa nitabadili mawazo.

Jumatatu, 10 Juni

Mtoto amekula chaki. Nyeupe moja, ya bluu nusu. Kisha akakojolea rejista, ukurasa wa Machi. Nimefundisha mito na milima nikiwa nimempakata, ananivuta sikio. Bi Kesho amejibu maswali yote, hata lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa bado nalitafutia jibu.

Lakini wamefika kumi na wawili! Wote! Nikaita majina mara mbili, niwasikie tena wakiitikia. Ni kuhakiki hesabu tu.

Mtafiti akapita dirishani. Nikamfunika mtoto kwa ramani. Ramani ikapiga chafya. Nikashika pua yangu. Mtafiti akanitakia afya.

Kwa shemeji wamekuja saba, na kengele yake imepotea. Safari hii si mimi.

Nyumbani mke wangu kanusa shati, akanibana mpaka nikasema yote. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Kaniwekea chai bila kuombwa.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya hesabu! Mtafiti alihesabu, akabadili miwani, akahesabu tena. Wangu hawakukosa wiki nzima. Kwa shemeji vitabu vyote vipo, watoto nusu hawapo.

Mtafiti akanivuta pembeni. Macho yanang'aa. Akaniomba nimwambie ukweli, nimefanya nini, maana kama kuna kitu kimewarudisha watoto hawa atakipeleka kila shule. Nikafungua mdomo. Suruali, mbwa, mtoto, vyote vilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Halafu nikakumbuka kuwa nilikatazwa. Nikikiri, nimevunja masharti na mto ni wa shemeji.

Nikasema sikufanya chochote. Akauliza, chochote kabisa? Nikaapa. Akasita. Hapo shemeji mwenyewe akasogea, akanitetea, kwamba ananijua miaka kumi na tano na hajawahi kuniona nafanya chochote. Ahsante shemeji!

Bi Kesho alikuwa mlangoni na mdogo wake, akasikia. Alinitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Jumatatu, 17 Juni

Ripoti imesomwa! Kundi lisilofanyiwa lolote limelishinda lililofanyiwa kila kitu. Pendekezo ni kwamba wote ishirini na wanne sasa wasifanyiwe lolote, chini ya usimamizi wangu. Mimi, mwalimu wa taaluma! Vitabu vimerudi stoo. Shemeji kanipa mkono bila kuniangalia. Mto una springi moja inayochoma, lakini nitaizoea.

Cheo kina masharti yake. Mtafiti atakuwa anakuja kukagua, kwa hiyo sipiti tena majumbani, na pasi nimemrudishia mke wangu. Bi Kesho nimemweleza kwa upole kuwa kuruhusu mtoto darasani ni kumfanyia mtu kitu. Aje peke yake. Akasema sawa, mwalimu, kesho.

Jumatano, 19 Juni

Tangu juzi sifanyi lolote, kwa bidii mpaka jasho linanitoka. Wamekuja tisa kati ya ishirini na wanne. Ajabu! Mwenye suruali hayupo, na jana kulikuwa na mawingu. Wale ndugu wawili hawapo. Bi Kesho hajaonekana jana wala leo. Zake zimefika ishirini na tisa.

Nimeisoma upya ripoti kutafuta tumekosea wapi. Nimepata! Jana langoni nilimwita mtoto mmoja kwa jina, nikamuuliza hali. Hicho si kitu? Kuanzia kesho hata salamu marufuku.

Mke wangu anasema sikio la kufa halisikii dawa. Anasema kesho nidamke, nikamchukue yule binti, mtoto nimbebe mwenyewe. Kaniwekea hata pasi karibu na mlango. Maskini mke wangu. Hajasoma ripoti.