Slabu Ishirini za Daraja la Zamani

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu bila mke. Yuko kwa dada yake. Amesema harudi mpaka sakafu ya nyumba hii ikauke, maana unyevu unampanda kifuani na kikohozi kinamnyima usingizi. Ana haki. Korido yetu, inayotoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, ni tope mwaka mzima. Jana nimetoa konokono kwenye kiatu.

Lakini leo nimepata wazo! Kazini wameanza kung'oa njia ya waenda kwa miguu ya daraja la zamani, ili barabara kuu mpya ipite. Slabu ishirini za zege, nene, kavu. Injinia amezipiga namba nyekundu, kuanzia ukingo wa huku hadi wa ng'ambo. Zote zinakwenda kutupwa. Na mimi ndiye karani wa taka wa mradi. Hakuna kinachotoka pale bila stakabadhi yangu, nakala tatu.

Kikwazo ni afisa mazingira. Tunamwita Dada Chupa kwa ajili ya vile vichupa vyake vya kupimia maji ya mto. Ametukusanya na kutuhutubia nusu saa nzima. Kwamba slabu zile zimekunywa lami na mafuta ya magari miaka na miaka. Kwamba mvua ikizipitia, sumu inashuka visimani. Kwamba ziende zote kwenye shimo lililotandikwa plastiki, isibaki hata moja. Niliitikia kwa kichwa kuliko watu wote.

Jumanne, 5 Machi

Mambo yamenyooka. Dereva wa lori tunamwita Kimya. Hasemi na mtu, ndiyo maana nampenda. Nimemwandikia stakabadhi ya kwenda shimoni, kisha nikamwelekeza kwangu. Saini ya mlinzi wa shimo nimeitia mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, isije ikafanana na mwandiko wangu. Akili hizo.

Vibarua walitaka kupanga ovyo ovyo ili wawahi kuondoka. Nikawakatalia katakata. Mimi ni mtu wa mpangilio. Namba moja mlango wa mbele, namba ishirini mlango wa nyuma, na zilizobaki zifuatane. Zimeenea barabara, haikuzidi hata upana wa kidole. Sikuwa nimepima.

Kimya ameongea. Mara ya kwanza tangu Novemba. Ameuliza ng'ambo ni upande upi. Nimemjibu kwamba hii ni nyumba, haina ng'ambo. Ameondoka bila kugusa chai.

Alhamisi, 7 Machi

Amerudi! Amevua viatu mlangoni, akatembea korido nzima pekupeku, akasema sakafu kavu mpaka raha. Nampenda sana mwanamke huyu. Naandika hapa ili isije ikasemwa sikuwahi kulisema.

Alasiri akaniuliza ni maji gani yanapita chini. Nikatega sikio. Kweli, kuna mvumo, kama mto ulioshiba mvua. Nikamwambia ni bomba la jirani. Jirani hana bomba, anachota kwetu.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi tumekuta nyayo za maji kwenye korido. Nyingi. Za watu wazima, za mtoto mmoja, na mstari mwembamba wa gurudumu la baiskeli. Karibu na slabu ya saba, mavi ya mbuzi. Sisi hatufugi.

Mke wangu anasema alfajiri mtu alipiga hodi, naye akaitikia karibu akiwa jikoni. Hakuona mtu, akasikia tu miguu ikipita. Nimemgombeza. Kwa nini ukaribishe watu usiowajua? Amejibu kwamba yeye kalelewa, mtu akipiga hodi anaitikiwa. Kisha ameinama akazitazama zile nyayo na kusema jambo ambalo halijanitoka kichwani. Vidole vyote vinaelekea mlango wa nyuma. Hakuna aliyerudi.

Nimezipiga deki. Najua hii ni kazi ya nani. Dada Chupa amenusa jambo, sasa anatuma watu wanitishe. Kazini nimemkata jicho siku nzima. Akaniuliza kama macho yananiuma.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimewekwa kiti moto. Dada Chupa amekwenda shimoni na kuhesabu. Slabu za njia ya miguu hazipo hata moja. Nimemwonyesha stakabadhi, nakala tatu, safi, zimesainiwa. Amezipitia moja moja. Kisha akasema mlinzi wa shimo hajui kuandika, miaka yote hutia dole gumba.

Nilijitia hamnazo. Nikasema labda mzee ameanza masomo ya watu wazima. Hakucheka. Kumbe vibarua nao wameropoka. Atakuja kwangu Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu hajakohoa tangu arudi. Sakafu imefanya kazi yake, na yeyote anayeisema vibaya aje kwanza asikie usingizi wa mke wangu.

Ila leo saa kumi alasiri alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa mbele, anachagua mchele. Sinia likamtoka mkononi. Nikasikia na mimi. Nje, hatua za mtu, na katika kila hatua chuma kikigonga chuma, taratibu, kama mkasi ndani ya mfuko wa koti. Zikafika kizingitini. Zikasimama. Hodi ikapigwa kwa sauti ya kizee, ya upole. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Mke wangu akasema ni baba.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mwoga wa lile daraja la zamani. Kila alipopeleka nguo za wateja ng'ambo, bintiye, yaani mke wangu, wakati huo mtoto wa miaka saba, alikuwa akimshika mkono na kumsindikiza hadi katikati, kisha anarudi nyumbani. Siku moja alimwita, naye akakataa kwa kuwa alikuwa anaruka kamba. Mzee akaenda peke yake. Kwa mteja hakufika, na nyumbani hakurudi. Miaka saba ya ndoa na hili sikuwahi kuambiwa.

Anasema mzee hatathubutu kukanyaga slabu ya kwanza bila kushikwa mkono. Atakuja tena kesho, na keshokutwa. Mke wangu anataka amsindikize. Hadi katikati tu.

Jumatatu, 11 Machi

Dada Chupa amekuja. Sikumpa nafasi ya kufungua kinywa. Nilimsifia kazi yake, nikamsifia buti zake, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mwenyewe nikaona haya. Hakunisikiliza. Alikuwa anasikiliza sakafu.

Akatembea hadi slabu ya kumi. Akapiga magoti kwenye ufa ulio kati yake na ya kumi na moja, akafunga kichupa kwenye uzi, akakiteremsha. Uzi ukaisha wote. Alipokivuta kikatoka kimejaa maji ya rangi ya udongo, na ndani yake kisamaki kidogo, kizima, kinazunguka. Mto uko mwendo wa saa nzima kutoka hapa.

Nilimsubiri anitishie kazi, nikajiandaa kubisha. Badala yake akarudi kinyumenyume hadi mlango wa mbele. Akasema stakabadhi tutazizungumza siku nyingine. Lori litakuja kesho saa mbili asubuhi kuzichukua slabu zote. Na kabla ya hapo mtu yeyote asivuke katikati. Alilisema hilo mara mbili, akimtazama mke wangu.

Tulipobaki wawili, mke wangu akanishika mkono wa shati. Slabu zikienda saa mbili, baba yake atakuja saa kumi na kukuta tope. Alilia bila sauti. Ningefanya nini mimi? Nikamwambia aniachie.

Jumanne, 12 Machi

Nimemshinda Dada Chupa! Saa moja asubuhi nilikuwa getini kazini na stakabadhi mpya: lori lipeleke mifuko mitupu ya saruji kwenye kambi ya mbali kabisa, haraka, agizo la juu. Kimya akaondoka. Saa mbili ikapita. Saa nane ikapita. Raha iliyoje.

Sikuwa mzembe lakini. Nilimwandikia mke wangu stakabadhi. Mtu mmoja, kutoka slabu ya kwanza hadi ya kumi, na kurudi. Akacheka, akaikunja, akaitia kifuani. Alikuwa amevaa gauni la bluu.

Saa kumi mkasi ukasikika. Hodi. Akaitikia karibu baba, akanyoosha mkono, na vidole vyake vikajikunja juu ya kitu ambacho sikukiona. Wakaanza. Nikahesabu kwa sauti. Katika slabu ya kumi akasimama na kunigeukia, uso wake wa kitoto kabisa. Nikamwambia basi, inatosha, rudi. Akasema kidogo tu, bado anaogopa. Kumi na moja. Kumi na mbili. Korido yetu ni fupi, ukirusha kandambili inafika mwisho, lakini alizidi kuwa mdogo kama mtu anayekwenda mbali. Nilimwita kwa jina. Sidhani alinisikia, maji yalikuwa na kelele.

Nilizunguka nyumba mbio hadi mlango wa nyuma. Beseni. Kamba ya nguo. Nyayo mbili za maji kizingitini, zikikauka.

Jumatano, 13 Machi

Hajarudi. Sikulala, sikula. Mto wa kitanda una nywele zake.

Saa mbili Dada Chupa amekuja na lori. Ameuliza mke wangu yuko wapi. Nimesema kwa dada yake. Akaitazama kandambili moja ya mke wangu iliyobaki kwenye slabu ya kumi, akakaa kizingitini, akajifunika uso. Kisha akawaambia vibarua wapakie. Nikamwomba saa chache tu, nifungashe vyombo. Akanipa hadi saa kumi, akaenda kumwita injinia. Mtu mwema, ila hana jicho la karani.

Maana mimi nimeshaona kosa lilipo. Usiku kucha nimelifikiria. Kosa si slabu. Kosa si hata kuvuka. Kosa ni mpangilio! Nilizipanga za kwenda tu. Moja mbele, ishirini nyuma, kila mtu anaelekea ng'ambo, arudi kwa njia ipi? Jambo dogo la kitaalamu, mtu yeyote angeweza kupitiwa.

Kwa hiyo vibarua hawakupakia. Wamezigeuza. Ishirini sasa iko mlango wa mbele, moja iko mlango wa nyuma. Zimeenea barabara, kama mara ya kwanza. Kimya, aliyekuwa amesimama kando ya lori, ameuliza vipi kuhusu wale wengine waliovuka tangu daraja lijengwe. Anakuwa msemaji sana huyu. Nimemwambia taratibu zipo.

Saa tisa na nusu. Nimeketi kwenye kigoda chake na kitabu kipya cha stakabadhi, nakala tatu. Mvumo wa maji umenyamaza kabisa. Nje ya mlango wa mbele kuna miguu, miguu mingi sana, na kengele ya baiskeli, na mbuzi. Hodi. Hodi. Hodi. Nimewaambia karibuni, ila mmoja mmoja, na kila mtu ataje tarehe aliyovuka.

Sauti ya mke wangu bado sijaisikia. Atakuwa nyuma ya foleni.