Taarifa za Zizini Hazifungwi

Jumatatu, 3 Machi

Wanataka kulifunga! Jarida langu!

Simu imetetemeka mfukoni nikiwa na mkono mmoja ndani ya ng'ombe. Nimemaliza, nimenawa, nimesoma. Ningejua, nisingenawa.

Kikao cha bodi ya wahariri wa chama chetu cha madaktari wa mifugo, Jumatatu ijayo. Ajenda ya kwanza: kuunganisha Taarifa za Zizini na Jarida Kuu. Kuunganisha! Yaani kuua kwa lugha ya adabu. Ajenda ya pili: kumwongezea Mhariri Mkuu wa Jarida Kuu miaka mingine minne.

Huyo Mhariri Mkuu mimi humwita Kiyoyozi. Anaishi chini ya kimoja. Hajakanyaga kinyesi tangu ahitimu. Jarida lake lina milinganyo, majedwali, na makala ambazo hata aliyeziandika hazimalizi. Langu linasomwa na mtu mwenye matope kwenye buti. Nilikuwa daktari mchanga, kituo cha mwisho wa barabara, hakuna wa kumuuliza, nikasoma humo jinsi ya kumgeuza ndama aliyekaa kombo tumboni. Nikamgeuza. Mama na mtoto wakasimama. Tangu siku hiyo jarida hili ni langu, hata kabla hawajanipa kulihariri.

Halifungwi. Nimeandika kwa herufi ndogo lakini nimepiga kelele.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Kiyoyozi kuzungumza kiungwana. Kosa. Gari lake limeegeshwa kwenye nafasi yangu, basi nikapanda ngazi damu ikiwa tayari inachemka.

Hakunipa kiti. Akasema hana ugomvi na mimi, ni suala la viwango tu. Akasema makala za jarida langu hazinukuliwi na mtu yeyote duniani. Akatoa toleo letu la mwisho, akasoma kwa sauti kichwa cha makala, "Mbuzi Aliyemeza Soksi", akauliza kama hiyo ni sayansi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye naye yumo kwenye bodi kwa kudura za Mwenyezi Mungu na dada yake, alikuwa amekaa pembeni akicheka mabega yakitingishika. Wote tunamwita Shemeji. Hana kazi nyingine inayojulikana.

Nilitoka. Jibu likanijia nikiwa kwenye gari: mtu mwenye ng'ombe aliyelala chali hanukuu, anatibu! Nikazima gari, nikapanda ngazi tena mbio. Ofisi imefungwa. Nikaliambia mlango.

Jumatano, 5 Machi

Nimehesabu kura. Bodi ina watu tisa. Upande wa Kiyoyozi: yeye, Shemeji, na vijana wawili wa idara yake wanaotingisha vichwa kabla hajamaliza sentensi. Wanne. Upande wangu: mimi, Daktari wa Punda ambaye ni rafiki yangu wa damu, Mwenyekiti wetu ambaye maisha yake yote ni kuku, na wengine wawili, wa samaki na wa mbwa. Watano. Tumeshinda!

Nimemwambia mke wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, hafurahii kitu mpaka akihakikishe. Amehakikisha.

"Basi una watano," amesema. "Nenda, kaa, nyosha mkono, rudi nyumbani ule."

Ndivyo alivyo. Hana tamaa ya haki. Mimi nirudi nyumbani nikale, na yule mtu abaki miaka minne mingine na gari lake kwenye nafasi yangu? Hapana. Kuokoka hakutoshi. Namtaka chini. Siku hiyo hiyo, kikao hicho hicho, ajenda ya pili.

Nina wazo. Ni wazo zuri mno, nimeshindwa kukaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelegea kwa raha. Nimeandika Kanuni ya Maslahi.

Inasema hivi: jarida likijadiliwa, mjumbe mwenye maslahi nalo atatoka nje wakati wa kura. Mwenye maslahi ni nani? Mhariri wake. Ndugu au shemeji wa mhariri wake. Na yeyote aliyewahi kuandika ndani yake. Hicho kipengele cha mwisho ndicho chenye meno! Kiyoyozi atatoka, ni mhariri. Shemeji atatoka, ni shemeji. Wale vijana wawili wamejaza Jarida Kuu kwa makala zao, watatoka. Watabaki watu wangu peke yao na ajenda ya pili mezani. Atajua hajui!

Nikafikiria pia hila zake. Itakuwaje wakitoka wote halafu waseme akidi haijatimia? Nikaongeza mstari: waliotoka nje watahesabiwa kuwa wamehudhuria. Nimeziba kila tundu. Kama nisingekuwa daktari ningekuwa mwanasheria, na watu wangelia.

Nimetuma kwa wajumbe wote ili ipitishwe kwa barua pepe kabla ya kikao. Nimewapigia simu wenzangu wanne, nikawaambia wakubali tu, wasijisumbue kusoma. Daktari wa Punda amesema alikuwa hana mpango wa kusoma.

Ijumaa, 7 Machi

Imepita! Kura tisa kwa tisa!

Kiyoyozi mwenyewe amekubali, tena ametangulia kujibu. Ameandika kwamba ananishukuru kwa kuleta uadilifu katika bodi. Shemeji ameongeza alama tatu za mshangao. Mabwege wamejichimbia wenyewe halafu wananishukuru kwa koleo.

Nimemsomea mke wangu kanuni yote mezani. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akauliza wale wenzangu wanne kama wamewahi kuandika kwenye Taarifa za Zizini. Nikacheka. Wote! Ndiyo maana wanalipenda! Yule wa mbwa ndiye mwenye makala ya soksi, ametibu mbuzi siku moja tu maishani na hajaacha kuisimulia.

Akanitazama. Akaweka kalamu chini. Akaichukua tena, akaendelea kusahihisha. Nadhani amevutiwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga pasi koti. Nimeandaa hotuba ya kukubali uteuzi, kwa sababu Kiyoyozi akiondoka lazima mtu ashike Jarida Kuu, na bodi haitatafuta mbali. Nimeisoma mbele ya kioo. Ina unyenyekevu wa kutosha.

Jambo la kwanza nitakalofanya ni kung'oa kile kiyoyozi. La pili, nafasi ya gari.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimeingia wa kwanza, nimekaa kiti cha mbele ya thermosi ili Kiyoyozi aniombe chai. Hakuomba. Alikuja na ya kwake.

Mwenyekiti akafungua kikao, akasoma ajenda ya kwanza, kuunganisha Taarifa za Zizini. Nikajiweka sawa. Kiyoyozi akainua kidole kwa upole kabisa.

"Mama Mwenyekiti, samahani. Kabla ya kura, naomba tuitekeleze kanuni ya mwenzetu."

Nikasema kanuni ni ya ajenda ya pili. Akaniomba nionyeshe ilipoandikwa. Haikuandikwa. Nimeandika "jarida". Jarida lolote! Akasoma orodha ya matoleo yetu, taratibu, kama daktari anayesoma majibu ya maabara. Daktari wa Punda, makala tatu. Wa samaki, moja. Wa mbwa, soksi. Mwenyekiti mwenyewe, kuku waliokuwa wanadonoana. Na mimi, mhariri. Akauliza kama kuna yeyote wa upande wake aliyewahi kuandika humo. Hayupo! Hawajawahi kuligusa! Kwa miaka yote aliwakataza, akisema litawachafua.

Tumetoka nje. Watano. Mwenyekiti alitoka na mkoba wake na kalamu yake, na Shemeji, makamu wake, akakalia kiti chake. Shemeji!

Korido ina mtungi wa maji usio na maji na picha ya tumbo la ng'ombe. Mlangoni kuna kioo kidogo. Nikawaona wanainua mikono, minne, tena walichelewa kuishusha kana kwamba wanapigwa picha. Nikagonga kioo, nikapiga kelele kwamba akidi haijatimia. Katibu akafungua mlango nusu, akanikumbusha kwa sauti ya chini kwamba waliotoka nje tumehudhuria.

Daktari wa Punda akanigeukia. Sijawahi kumwona vile, hata punda akimpiga teke.

"Hivi wewe," akasema, "hii kanuni uliiandika ukiwa na nani?"

Nikasema nilikuwa peke yangu. Akasema alidhani hivyo.

Tukarudi ndani kwa ajenda ya pili. Nikajifuta jasho. Bado! Angalau nimwangushe! Nikadai kwa sauti Kiyoyozi atoke, Shemeji atoke, na vijana watoke. Wakasimama bila ubishi. Wakafika mlangoni, Kiyoyozi akageuka. Akasema Taarifa za Zizini sasa ni sehemu ya Jarida Kuu, tangu dakika kumi zilizopita. Kwa hiyo aliyeandika huko ameandika huku. Akasema anasikitika, lakini uadilifu ni uadilifu.

Tukatoka wote. Watu tisa kwenye korido moja, koti kwa koti. Ndani kabaki Katibu, ambaye hana kura. Akatangaza kupitia mlango kwamba kwa kuwa hakuna aliyepinga, Mhariri Mkuu anaendelea. Kiyoyozi akanipa mkono. Mbele ya watu ningefanya nini? Nikaupokea. Ulikuwa baridi.

Jumanne, 11 Machi

Sijala. Mke wangu amefunika sahani yangu, akarudi kwenye madaftari yake.

Wenzangu hawapokei simu. Mwenyekiti amepokea, akaniambia ana kuku wanaomsubiri, na kwamba kuku wakidonoana huwa kuna sababu. Akakata.

Kisha kituo cha mbali kikapiga. Daktari wa kike, kijana, yuko peke yake huko, na aliniandikia kuhusu ndama waliokuwa wanaanguka miguu ya nyuma na jinsi alivyogundua ni magugu ya kando ya mto. Akauliza makala yake inatoka toleo lipi, maana vituo jirani vinaisubiri, ndama wao nao wameanza. Nikamwambia bado tunaipitia. Nilipoweka simu nililia, nakiri, ndani ya gari, madirisha yamepandishwa. Namchukia Kiyoyozi kwa moyo wangu wote. Nimewapigia madaktari wa vituo jirani mmoja mmoja, nikawasomea makala yake kwa simu mpaka sauti ikakauka.

Jioni Daktari wa Punda kaja. Bado kanuna, lakini kaja. Amesema Mkutano Mkuu wa chama unaweza kubatilisha uamuzi wa bodi, na uko mwezi ujao. Madaktari wa vituoni wameshapata habari, wamekasirika, na wapo wengi kuliko watu wa mjini. Wameomba wapige kura kwa simu. Katiba ya chama inaruhusu. Akasema tukinyamaza tu, tukangoja tu, jarida limerudi. Akarudia neno kunyamaza akinitazama machoni.

Nimemkumbatia. Nimeahidi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua jambo la kutisha! Kiyoyozi ana wanafunzi wake wanaosoma ng'ambo, karibu kumi, wote wanachama, na wote watapiga kura kwa simu! Waliolala kwenye mablanketi ya nchi za watu watuamulie habari za zizi! Nilishtuka nikiwa nanyoa. Nimejikata.

Nimekaa asubuhi nzima na nimepata dawa. Azimio fupi, safi, halina mwanya: kwenye Mkutano Mkuu atapiga kura mwanachama aliyefika ukumbini kwa miguu yake mwenyewe. Simu marufuku. Wale kumi wamekwisha. Nimetuma kwa wanachama wote.

Mke wangu ameomba nimsomee, nimemsomea. Ameuliza Mkutano Mkuu ni tarehe gani. Nimemwambia. Ameuliza kama hiyo siyo wiki ya chanjo, madaktari wote wa vituoni wakiwa wamefungwa na mifugo hawawezi kuondoka. Nimemwambia ndiyo, ndiyo hiyo, na aache kuchanganya mambo, mimi hapa nashughulika na wa ng'ambo.