Mkaguzi wa Uvundo

Fulgence Komba aliyaona magunia kabla hajamwona mwenyewe. Yalikuwa manane, yameshushwa kutoka lori la Tunduru na kupangwa kando ya stendi ya Songea, na hata akiwa ng'ambo ya barabara pua yake ilimwambia kwamba ule ulikuwa mchele mpya, wa kunukia, wa aina ambayo jirani akiupika hukosi sababu ya kwenda kumjulia hali. Juu ya gunia la mwisho alikaa mwanamke wa makamo, akitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mnunuzi na asiyemjua hata mmoja.

Fulgence akamshukuru Mungu, kwa kuwa alikuwa Mkatoliki asiyesahau kushukuru. Bwana Abdulswamadu, mnunuzi binafsi kutoka Dar es Salaam, alikuwa amemwahidi uwakala wa wilaya nzima iwapo angempatia magunia manane ya mchele mzuri kabla lori lake halijaondoka alasiri ile. Kilichokuwa kimekosekana ni mchele tu, na fedha za kuununulia.

Hata hivyo alikuwa na mtaji. Chama cha ushirika alikokuwa karani kilipokufa, wenzake waligawana meza na mizani. Yeye aliondoka na baiskeli, koti jeupe, bambo, yaani kile kichuma chenye mfereji kinachochomwa gunia ili kuonja kilichomo, pamoja na kamusi ya Kiingereza iliyobaki nusu ya pili. Katika nusu hiyo alikuwa amezikariri hasa kurasa za uvundo. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, soko limekuwa huria, na mkulima aliyeahidiwa kwamba sasa atasikilizwa alikuwa bado hajaambiwa atasikilizwa kwa lugha gani. Pengo hilo Fulgence aliliziba kwa moyo wa kujitolea. Juzi tu alimnusia mzee Rupert maharage yake, akamtamkia "reek", mojawapo ya maneno hayo ya uvundo, na mzee akaacha gunia zima na kuomba radhi.

"Shikamoo, mama," alisema, koti limefungwa vifungo vyote.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Zena, nimetoka Nalasi."

"Na mimi ni mkaguzi wa harufu za mazao. Utaniwia radhi, ni kazi."

Alichoma bambo gunia la kwanza, akamimina mchele kiganjani, akanusa, akafumba macho. Watu wa stendi wakaanza kusogea.

"Odour," alisema kwa masikitiko. Gunia la pili: "Stink." Kwenye la tatu alirudi nyuma hatua mbili. "Mama, hii ni stench."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Waingereza wana maneno ya uvundo kama sisi tulivyo na majina ya ndizi. Odour ni harufu inayobisha hodi. Stink inaingia bila hodi. Stench imeshakaa, imevua viatu, inauliza chakula kitaiva saa ngapi. Na hawaishii puani, mama. Biashara yenye hila husema ina stink. Mtu mwenye sifa mbaya, jina lake lina odour. Ukiupeleka mchele huu sokoni, kitakachonuka ni jina lako."

"Si wangu peke yangu," Zena alisema polepole. "Ni wa wanawake kumi na wawili. Nikirudi mikono mitupu, nitapita mbele ya mlango upi?"

"Ndiyo maana nataka kukusitiri. Afisa afya akija ataumwagia mafuta ya taa. Niachie mimi nikautupe kimyakimya, nami nitakupa nauli ya kurudi."

"Mbona unanihurumia hivyo, na hunijui?"

Hapo ndipo Fulgence alipotenda kosa ambalo hakuna kamusi ingalimwonya, hata ingekuwa nzima. Alitaka aaminiwe, akajipiga kifua mbele ya stendi yote.

"Mimi ni Mngoni, mama. Mngoni halisi. Babu yangu alizaliwa ameshika mkuki."

Uso wa Zena ukakunjuka wote. "Alhamdulillahi. Na mimi ni Myao. Kumbe wewe ni mtani wangu, na muda wote huu nakuitikia marahaba bure."

Stendi ikaangua kicheko, kwani kila mtu alijua sheria. Mababu walipigana, wajukuu wakaachiwa utani. Na mtani anayekitukana chakula cha mtani wake hadharani hutozwa alichonacho, na akikasirika ndipo anapoaibika kweli.

"Amesema wali wa Wayao unanuka," Zena aliwatangazia. "Nimtoze nini?"

"Koti," alisema muuza karanga.

Koti likamtoka. Likafuata bambo, ikafuata kamusi, kisha mkono wa Zena ukashika usukani wa baiskeli.

"Mtani, hiyo baiskeli..."

"Anakasirika?" Zena aliwauliza watu.

"Sikasiriki," alisema Fulgence, akionyesha meno yote. "Nacheka."

Kelele hizo zilimvuta Bwana Abdulswamadu, ambaye alifika, akachota mchele na kuunusa. "Fulgence, huu ndio ulioniahidi? Mashallah, unanukia kama pilau ya Idi. Mwenyewe nani?"

Fulgence akainama, akaanza kufunga mdomo wa gunia kama mtu aliyetumwa.

"Ni mimi," alisema Zena. "Ila mkaguzi wako ameona ni stench. Nilikuwa karibu kumwachia akautupe."

Mnunuzi alimtazama Fulgence kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayesoma mkataba hadi mstari wa mwisho. Kisha akamgeukia Zena. "Wakulima wa huko unawafahamu?"

"Kwa majina yao na ya watoto wao."

"Basi wakala wangu ni wewe."

Wakapatana bei palepale, kwa Kiswahili, na hakuna neno lililopungua.

Lori la mnunuzi lilikuwa upande wa pili wa stendi, na wapagazi walikuwa wamekwenda kula. "Mtani," Zena alisema kwa upole, "mgongo huo bado sijautoza."

Fulgence akainama. Alibeba la kwanza, la pili, la tano, huku muuza karanga akihesabu kwa sauti. Alipolitua la nane alijifuta jasho, akauliza, kwa unyenyekevu ambao hata yeye ulimshangaza, kama wakala mpya hatahitaji msaidizi.

Zena alifikiri. "Msimu ujao," alisema, "natazamia magunia mia mbili."

Fulgence akatabasamu, safari hii bila kulazimishwa, mpaka alipogundua kwamba mama yule alikuwa akiyapima mabega yake kwa macho.