Kibanda cha Dranya, Ambamo Moto Ni Marufuku

Wananchi wote wa Dranya, wanaume kwa wanawake, mnatangaziwa kwamba kuanzia leo taifa lina njia yake ya kutembea!

Hivyo ndivyo Mkurugenzi Tahiru alivyofungua mkutano mwaka wa sabini na nne, amesimama juu ya boneti ya Landirova ili watu wamwone vizuri, yeye na miwani yake nyeusi. Njia itatoka Arua mpaka Koboko, kwa mguu, kupitia vichakani. Wageni watakuja kwa ndege kutoka Ulaya waitembee. Na kwa kuwa wageni huchoka, Halmashauri ya Matembezi Marefu imejenga vibanda vya mapumziko, kila kimoja mbali na watu, ili mgeni apumzike bila kusumbuliwa na wenye nchi.

Watu wakapiga makofi. Poni, mama yake Taban, hakupiga. Aliuliza tu.

"Bwana mkubwa, hawa watu watatembea kwenda wapi?"

"Watatembea tu, mama."

"Bila mzigo?"

"Bila mzigo."

"Sasa wanakimbia nani?"

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka wako mbele ya nani, wakaacha. Tahiru akaeleza kwa upole kwamba kutembea bila kumkimbia mtu ni maendeleo. Poni akasema asante. Lakini kwao, mtu akitokea Arua kwa mguu, hana mzigo wala msiba wa kuwahi, watu humpa maji kwanza, halafu huangalia nyuma yake kuona nani anakuja.

Jioni Taban akarudi nyumbani na kofia mpya kichwani. Ameteuliwa Msimamizi wa Kibanda cha Dranya.

"Mama, piga kigelegele basi!"

"Hii kofia ilikuwa ya nani?"

"Iko mpya, mama."

"Hiyo ndiyo mbaya. Ingekuwa ya zamani, ningeenda kuuliza mwenyewe yuko wapi."

Wamama wenzangu, mtoto akiletwa na kofia, msikimbilie kigelegele. Ulizeni kwanza kazi yenyewe ni nini.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda kibanda kisitumike. Kilikuwa kizuri, cha udongo, cha mviringo, paa la nyasi kama nyumba zetu zote. Ila Halmashauri ilikaa kikao kirefu chenye soda na sambusa, ikaazimia kwamba kibanda kibaki kipya mpaka mgeni afike. Kwa hiyo moto ndani marufuku, kwa sababu moshi huchafua nyasi na mzungu hukohoa. Kulala ndani marufuku pia, kwa sababu anayelala huchakaza. Maazimio hayo yakaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao, ubao ukapigiliwa ukutani, kwa ndani, usije ukalowa.

Hakuna mtoto Dranya asiyejua kwamba nyumba isiyo na moto ni chakula cha mchwa. Moshi ndio unaotunza nyasi na fito. Lakini kwenye mkutano hakuna aliyesema, maana hakuna aliyeulizwa, na miaka ile wasioulizwa ndio walioishi.

Mvua za kwanza zikaja, mchwa nao. Kibanda cha jirani, alichokisimamia Ondoga, kikaanguka chote, paa na kuta. Tahiru akafanya uchunguzi akagundua kwamba mchwa ni wahujumu uchumi. Na kwa kuwa mchwa wenyewe hawakupatikana kwa mahojiano, Ondoga akaingizwa kwenye buti la gari ili ajibu kwa niaba yao. Alirudi baada ya mavuno, hana meno ya mbele. Ukimwuliza habari za vibanda, alikuwa anasifu hali ya hewa.

Tangu hapo usingizi ukamkimbia Poni.

"Tupa hiyo kofia, mtoto wangu."

"Kofia ya serikali haitupwi, mama. Serikali yenyewe ndiyo inaivua."

"Pamoja na kichwa."

Asubuhi Poni akabeba mafiga matatu na chungu cha maharagwe, akaingia kibandani. Taban akamfuata mbio.

"Mama! Hapana! Moto iko marufuku!"

"Na wewe iko mtoto wangu. Lete kuni."

Basi ikawa hivyo. Kila siku Poni anapika mle ndani, anasiriba sakafu kwa samadi, na Taban analala mle kama mwenye nyumba. Mchwa wakanusa moshi, wakahamia vibanda vingine vilivyokuwa vinatii sheria.

Siku ya ukaguzi walisikia Landirova kabla haijaonekana. Mafiga yakarushwa kichakani, jivu likafagiliwa, Poni akakaa juu ya pale palipokuwa na moto, akavumilia. Tahiru akaingia, akavuta pua.

"Nasikia moshi."

Taban akaivuta kofia mpaka machoni.

"Ni gari yako, bwana mkubwa," Poni akasema. "Tangu ifike inakohoa."

Tahiru akachungulia nje. Kweli, Landirova ilikuwa inafuka kama tanuri la matofali. Akamtukana dereva, akarudi, akapiga ukuta kwa kiganja. Imara! Akatangaza kwamba kibanda cha Dranya kimesimama kwa sababu ya kutowashwa moto, na vingine vimeanguka kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Kwa utafiti huo Halmashauri ikamvisha nishani.

Mgeni hakuja. Sukari ikaadimika, chumvi ikaadimika, wasimamizi wengine wawili wakafuata njia ya Ondoga. Poni akaendelea kuchochea kuni.

Mwaka wa sabini na tisa, jioni moja ya mvua kubwa, mtembeaji wa kwanza akafika. Alitokea Arua, kwa mguu, kupitia vichakani, bila mzigo. Hakuwa na miwani, na kiatu kilikuwa kimoja. Poni akampa maji. Halafu akaangalia nyuma yake.

"Bwana mkubwa Tahiru," akasema. "Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea tu, mama."

Poni hakumwuliza anamkimbia nani. Redio ilikwisha kusema kwamba serikali imeanguka na wakubwa wake wanasakwa.

"Vibanda vingine umelala?" Taban akauliza.

"Vimeanguka vyote." Meno yalikuwa yanamgongana. Akatazama maharagwe yakichemka, akatazama moto, akausogelea. Moto ukaanza kusinzia.

"Mama yangu, ongeza kuni."

"Kuni zote iko maji, bwana mkubwa. Kitu kikavu hapa ni kimoja."

Wakatazama ukutani wote watatu. Tahiru akainuka, akaung'oa ubao mwenyewe, akauvunja kwa mguu wenye kiatu, akautia motoni na marufuku zake zote. Uliwaka vizuri sana. Ilikuwa rangi ya serikali.

Alikula, akalala. Asubuhi, kabla hajatoka, Poni akasimama mlangoni.

"Bwana mkubwa, hii kofia ya mtoto wangu ulivisha wewe. Vua wewe."

Tahiru akaivua. Akaigeuza mkononi, akaangalia mvua, akaivaa. Akashika njia ya mpakani akiwa Msimamizi wa Kibanda cha Dranya.

"Mama, amekwenda nayo!"

"Aende nayo," Poni akasema. "Huko mbele wakitafuta msimamizi, watamjua kwa kofia."

Na hapo ndipo alipopiga kigelegele.