Pua Yangu na Paka wa Kliniki

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa Daktari atachagua mwanafunzi wa kubaki naye hapa kliniki ya wanyama. Tuko wawili: mimi na Nadhifu, kijana ambaye koti lake halijawahi kuona doa. Mimi nina kila kitu isipokuwa pua. Paka akipita, chafya. Mbwa, chafya. Sungura ndiyo usiseme! Daktari akauliza kama naumwa. Nikasema mafua.

Leo alimtoa mbwa mwiba kooni huku akimnong'oneza, na mbwa katulia tuli. Mikono ile! Nitakuwa kama yeye, pua ipende isipende.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: pamba puani, miwani ya kuogelea machoni. Nadhifu akauliza bahari iko wapi. Nikajitia hamnazo. Miwani ikajaa ukungu, nami nikamfunga paka bendeji, kazi safi kabisa, kwenye mguu usio na kidonda! Nadhifu akawa wa kwanza kutangaza. Daktari hakufoka. Akaifungua, akafunga mguu wenyewe, akamwomba paka radhi kwa niaba yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo, anavyoikunja ile ncha ya bendeji! Ningeweza kumtazama siku nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Nilipatana na Nadhifu: yeye ashike paka, mimi nisafishe vizimba vyote. Akakubali, kisha akaenda kumwambia Daktari kwamba naogopa paka. Mimi! Nikapiga moyo konde, nikamnyanyua paka mkubwa kuliko wote, nikazika uso shingoni mwake mbele ya kila mtu.

Uso ukavimba kama puto. Kifua kikabana. Niliogopa kweli. Daktari akanikalisha dirishani, akanipa dawa, akakaa nami mpaka nikapumua vizuri. Nikamwambia yote. Akavuta droo yake: vidonge na barakoa. Vyake mwenyewe! Ana mzio wa paka tangu utotoni, na bado hakuna paka anayemshinda. “Pua nitakusaidia, mwanangu,” akasema. “Uongo ndio siuwezi.” Nikalia, na safari hii manyoya hayakuhusika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechaguliwa! Nadhifu naye. Daktari amesema kila mmoja wetu ana kasoro, ila zinatibika. Yangu ina masharti: vidonge kila asubuhi, barakoa kazini, kusema ukweli, na manyoya yaishie kliniki ili nyumbani nipumue. Nimeapa mbele yake. Mama yule hana mfano!

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza sana. Vidonge ni vya watu wasiojituma. Pua inataka mazoezi tu. Nimeleta mtoto wa paka nyumbani, analala juu ya mto wangu. Nimempa jina la Daktari, kwa heshima. Jicho langu moja bado linafunguka.

Mama yangu amegonga mlango, anauliza hizo chafya tangu asubuhi ni za nini.

Nimemwambia mafua.