Begi la Gramu Mia Sita

Jumapili, 5 Kartik

Nimejitia kitanzini mwenyewe. Mtaa mzima unajua kwamba mwezi huu wa Kartik napanda mlima. Mama Chandrakala, jirani yetu, ameshaagiza maua ya shada la kunivika siku ya kuondoka. Tatizo ni moja tu. Klabu yetu ya wapanda milima haijanichagua!

Imebaki nafasi moja na tunaigombea wawili: mimi Tekbir, fundi wa mashine za fotokopi, na Harkaman, kaka wa mke wangu. Dada Phulmaya, kiongozi wetu, ametoa sharti. Jumamosi tunapanda ngazi za kilima cha Shivapuri, kila mtu na begi lake mgongoni, vifaa vyote ndani. Likizidi kilo kumi, kwaheri.

Nimepima shanta la jeshini la marehemu baba. Kilo nne, tena tupu! Turubai, ngozi na vyuma. Jioni Harkaman alikuja kunywa chai, akaliinua begi lake kwa kidole kimoja. Akaniuliza kwa upole kama langu liliuzwa pamoja na punda wake. Sunmaya alicheka. Mke wangu wa ndoa!

Jumatatu, 6 Kartik

Thamel, mtaa wa watalii, dukani kwa Mzee Purnaratna. Nimeliona. La buluu, lina fremu mgongoni na mkanda wa kiunoni, halifiki kilo moja. Nililivaa nikajitazama kwenye kioo. Mpanda mlima kabisa! Bei yake, rupia elfu sita. Nikaomba apunguze. Mzee akasema kwa bei ninayotaka anaweza kuniuzia zipu.

Lakini kichwa changu hakilali. Kila mwenye duka hapa Kathmandu anaheshimu bohani, yale mauzo ya kwanza ya siku. Mteja wa kwanza akitoka mikono mitupu, siku nzima imeingia nuksi. Kwa hiyo nitakuwa wa kwanza, nitataja nusu ya bei, na atakubali kwa hofu. Nimemweleza Sunmaya. Amesema sawa, huku akichambua dengu.

Jumanne, 7 Kartik

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa pale. Kuna mtu ameketi mlangoni. Harkaman!

Akanisalimia kwa adabu zote, viganja vimekutana kifuani. Alikuja kununua kamba za viatu. Za viatu gani, wakati amevaa ndala? Mzee akapokea noti yake, akaigusisha kwenye paji la uso, bohani ikaishia hapo. Mimi nikawa wa pili, na wa pili hana thamani. Nilipotaja elfu tatu mzee alinipigia miayo.

Nyumbani nikamuuliza Sunmaya nani kavujisha siri. Akasema kaka yake alimuuliza, na yeye hakuwa anajua kama ni siri, alidhani ni upuuzi tu.

Jumatano, 8 Kartik

USHINDI!

Sikumwambia mtu. Nilifika mzee hajamwaga hata maji ya kizingitini. Nikataja elfu tatu. Akakataa. Nikageuka nikaondoka kwa mwendo wa bwana harusi. Sijafika kwenye kona nikaitwa. Sauti ilikuwa ya uchungu kabisa.

Alinitolea begi la buluu. Si lile. Ndugu yake. Elfu mbili na mia nane, gramu mia sita! Jepesi kuliko la Harkaman! Fremu halina, mkanda wa kiunoni halina, lakini nani anahitaji mapambo? Mzee ni muungwana, alinionya. “Mwanangu, hili ni la daftari na koti la mvua. Ukilipeleka mlimani litakulilia njiani.” Nikamwambia sawa, sawa. Wauza duka wakishindwa bei hawakosi maneno.

Ijumaa, 10 Kartik

Begi halisimami. Ukilijaza linavimba mgongoni, na jiko dogo linanichoma mbavu. Linahitaji kitu kipana na kigumu cha kukaa mgongoni.

Nimekipata. Sinia la shaba la ibada la Sunmaya! Limeingia kama limetengenezewa. Kufidia uzito wake nimekata mpini wa mswaki, nimeng'oa lebo za nguo na nimepunguza maji. Kilo tisa na nusu! Sunmaya anazunguka nyumba akitafuta sinia, maana sikukuu ya Tihar imekaribia. Nimemsaidia kutafuta.

Jumamosi, 11 Kartik

Niandike kwa utaratibu.

Getini Dada Phulmaya alikuwa na mizani ya kuning'iniza ya muuza viazi. Langu likapita. La Harkaman likazidi! Kumbe Sunmaya amemkaangia kaka yake sel, yale maandazi ya duara ya unga wa mchele, mfuko mzima. Mimi mumewe, hata moja. Harkaman akazigawa kwa wanaklabu wote, begi likapungua, na watu wakambariki. Mnafiki. Nilikula tatu.

Ngazi ya mia mbili na kitu nikasikia kitu kinachanika. Mkanda wa kulia. Kisha wa kushoto. Begi likateremka ngazi likirukaruka, likafunguka, na sinia likatoka likibingirika kwa kelele za hekalu zima. Nyani walikimbia. Mahujaji waliinamisha vichwa.

Bibi wa kibanda cha chai alilizuia kwa mguu. Alicheka mpaka akaketi. “Baba, umeona mungu wa huku juu hana vyombo?” Nilitamani kulia, naapa. Nikafikiria shada la Mama Chandrakala. Bibi akanitazama, akaacha kucheka, akanipa namlo lake, ule ukanda anaobebea kuni. Akafunga mzigo wangu wote, akanivika ukanda kwenye paji la uso. “Babu zako walibeba hivi. Paji halina mshono wa kufumuka.”

Nikapanda. Shingo inawaka, macho kwenye vidole vya miguu, maji yamekwisha. Nikafika wa mwisho, lakini nikafika na kila kitu, hadi sinia.

Nafasi akapewa Harkaman. Ila Dada Phulmaya alinizunguka mara mbili akiangalia namlo. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema kwetu ni mambo ya ukoo. Akafurahi mno! Kumbe mpagazi wao wa jikoni ameteguka mguu. Akanipa mkono. Ninakwenda mlimani!

Sufuria, jiko, mafuta na mchele. Kilo thelathini. Na hema la Harkaman.

Jumapili, 12 Kartik

Nimemwambia Mama Chandrakala kwamba nimeteuliwa mkuu wa usafirishaji. Shada liko palepale. Sunmaya alinikabidhi sinia na majivu nilisugue, akanisimamia hadi likang'aa. Kisha akanikaangia sel, mfuko mzima, na akasema nisimpe kaka yake hata moja. Nampenda mwanamke huyu.

Limebaki jambo moja. Namlo la bibi ni la katani, lina kama gramu mia nne. Zito! Nimesikia Mzee Purnaratna ana la kisasa, jembamba, gramu tisini tu, na mteja wa kwanza anaweza kulipata kwa bei ya kutupa. Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni kwake kabla hajashika ufagio. Sunmaya nimemweleza, lakini safari hii nimemwambia ni siri.